Walawa wa Thailand: Jamii inayoomba ruhusa ya mizimu kabla ya kulima

KABLA ya panga la kwanza kugusa msitu, sharti wenye ardhi waombwe ruhusa. Hiyo ndiyo kanuni ambayo Walawa, jamii ndogo inayoishi katika milima ya kaskazini-magharibi mwa Thailand, wameifuata kwa vizazi vingi wanapotafuta mahali pa kupanda mpunga wao.

Wenye ardhi wanaotajwa hapa si machifu wala maafisa wa serikali. Ni mizimu: ya milima, ya misitu, ya vijito, ya kijiji na ya wahenga waliotangulia kuishi hapo. Kwa mujibu wa imani hiyo, binadamu ni mgeni anayekaribishwa shambani kwa msimu mmoja tu, na mgeni mwenye adabu hubisha hodi.

Kwa mtazamo wa haraka, desturi hiyo yaweza kuonekana kuwa ushirikina wa watu wa kale. Hata hivyo, anayefuatilia mwaka wa mkulima wa Kilawa tangu kufyeka hadi kuvuna atagundua kwamba matambiko yake hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na kalenda, sheria na baraza la ardhi. Ndiyo yanayoamua nani alime wapi, moto uwashwe siku gani na ni msitu upi usioguswa kamwe.

Utaratibu huo umo mashakani. Sheria za misitu, marufuku ya kuchoma mashamba, mazao ya biashara na dini mpya vimeubana kutoka kila upande, na Walawa wanajikuta wakijiuliza iwapo mizimu inaweza kuendelea kuombwa ruhusa juu ya ardhi ambayo serikali inasema si yao.

Jamii yenyewe

Walawa, ambao pia huitwa Walua, wanapatikana hasa katika wilaya za Mae Sariang na Mae La Noi, mkoani Mae Hong Son, na vilevile katika wilaya za Hot na Mae Chaem, mkoani Chiang Mai. Hawapaswi kuchanganywa na jamii nyingine za mkoa wa Nan, upande wa mashariki, ambazo nazo huitwa Lua ilhali lugha zao ni tofauti.

Lugha ya Kilawa haina uhusiano wa damu na Kithai. Imo katika familia ya lugha za Kiaustroasia, pamoja na Kikhmer cha Kambodia na Kivietinamu, na jamaa zake wa karibu ni lugha za Wawa wanaoishi mpakani mwa Myanmar na China. Wataalamu huigawa mara mbili: Kilawa cha magharibi, kinachosemwa Mae Hong Son, na kile cha mashariki, kinachosemwa katika uwanda wa Bo Luang.

Inaaminika kwamba Walawa walikuwa katika mabonde ya kaskazini mwa Thailand kabla ya kuja kwa watu wa jamii ya Tai, ambao ndio mababu wa wenyeji wengi wa eneo hilo leo. Kadiri falme za mabondeni zilivyopanuka, baadhi yao walimezwa na utamaduni wa Tai, na wengine wakabaki milimani na lugha yao na mizimu yao.

Mgogo wa maisha yao ni mpunga. Baadhi ya vijiji vina majaruba ya maji yaliyochongwa kwenye miteremko, lakini chakula kingi kwa desturi kimetokana na mpunga wa nchi kavu, unaopandwa katika makonde yanayofyekwa msituni, kuchomwa moto, kulimwa kwa msimu mmoja na kisha kuachwa.

Mwaka wa shamba

Mengi yanayojulikana kuhusu kilimo hicho yalitokana na kazi ya mwanaanthropolojia wa Marekani, Peter Kunstadter, aliyeanza kuishi na kufanya utafiti miongoni mwa Walawa wa kijiji cha Pa Pae, wilayani Mae Sariang, katika miaka ya 1960. Maelezo yake yanaonyesha kwamba hakuna hatua kubwa ya kazi isiyotanguliwa au kufuatwa na tambiko.

Ardhi ya kijiji imegawanywa katika maeneo makubwa, na kila mwaka eneo moja tu ndilo linalolimwa na kijiji kizima. Baada ya mavuno, eneo hilo huachwa lipumzike kwa takriban miaka tisa huku mengine yakichukua zamu. Kwa hivyo mtoto aliyezaliwa mwaka wa kufyekwa eneo fulani huwa na umri wa miaka kumi hivi linapofyekwa tena.

Mwanzoni mwa mwaka, mnamo Januari, wazee hulikagua eneo ambalo zamu yake imefika. Wanatazama kama miti imekua vya kutosha, kwani msitu mchanga hutoa majivu haba na magugu tele. Iwapo hali hairidhishi, zamu yaweza kuahirishwa.

Macho ya wazee pekee hayatoshi. Mnyama wa kafara huchinjwa na dalili zake kusomwa, hasa nyongo, ili ijulikane kama mizimu ya mahali hapo imeridhia. Dalili ikiwa mbaya, sharti ombi lirudiwe au mahali pengine patafutwe.

Wanaoongoza shughuli hiyo ni watu wa ukoo wa samang, ambao huhesabiwa kuwa wazao wa wakuu wa kale wa Walawa. Samang si tajiri kuliko wenzake wala hana askari. Mamlaka yake yanatokana na imani kwamba ukoo wake ndio unaojulikana na mizimu ya ardhi, na kwamba ombi lake ndilo litakalosikika.

Kila kaya hupewa sehemu yake ndani ya eneo la mwaka, na kwa kawaida hurudia sehemu ile ile iliyolimwa na wazazi wake mzunguko uliopita. Mipaka hukumbukwa kwa mawe, vijito na miti mikubwa. Kaya yenye watu wengi kuliko shamba lake huweza kuazima kwa jirani mwenye ziada, na mashahidi wa makubaliano ni wazee wale wale wanaosimamia kafara.

Ufyekaji hufanywa Januari na Februari. Miti ya wastani hukatwa juu kidogo ya ardhi ili visiki vichipue tena, nayo ile mikubwa hupunguzwa matawi tu na kuachwa imesimama. Ukanda wa msitu huachwa juu ya vilele vya milima na kandokando ya vijito. Sehemu hizo huhesabiwa kuwa makao ya mizimu, na papo hapo ndizo zinazolinda chemchemi na kutoa mbegu za miti itakayorejesha msitu baada ya mavuno.

Siku ya moto

Kazi ya hatari kuliko zote huja mwishoni mwa Machi, wakati majani na matawi yaliyofyekwa yamekauka kabisa chini ya jua la kiangazi. Hiyo ndiyo siku ya moto.

Katika milima iliyojaa misitu mikavu, cheche moja yaweza kuteketeza maghala, nyumba na maeneo yanayosubiri zamu ya miaka ijayo. Kwa sababu hiyo, siku ya kuchoma haichaguliwi na mtu mmoja. Hutangazwa na wazee kwa kijiji kizima, na ukanda mpana kuzunguka eneo hilo husafishwa mpaka udongo ubaki mtupu ili moto usivuke.

Mizimu huombwa ilinde kijiji na kuuzuia moto usipotee njia. Ndipo wanaume huwasha eneo lote kwa mpango mmoja, na wengine husimama kwenye mipaka wakiwa tayari kuzima cheche zitakazoruka. Kwa saa chache mlima mzima huwa moshi mtupu, kisha hubaki majivu.

Katika mpango huu, mtu anayechoma shamba lake siku yake mwenyewe amevunja sheria mara mbili: ameuhatarisha msitu wa wenzake, na amewatusi wenye mlima. Adhabu ya kosa la pili, ambayo ni kulipa mnyama wa kutakasa, ndiyo iliyomfanya mkorofi afikiri mara mbili.

Magogo ambayo hayakuungua hukusanywa na kuchomwa tena, na mengine hulazwa kukingama na mteremko ili udongo usichukuliwe na mvua. Yaliyosalia hujengewa ua wa kuzuia mifugo.

Kupanda na kuuita mpunga

Upandaji wa mpunga hufanyika Aprili, kabla mvua hazijakolea. Wanaume hutangulia wakiwa na miti mirefu yenye ncha ya chuma, wakitoboa mashimo ardhini kwa mwendo wa pamoja. Nyuma yao hufuata wanawake na watoto, wakirusha punje chache katika kila shimo.

Kazi hiyo haifanywi na kaya moja. Majirani huenda kwa zamu katika mashamba ya wenzao, na mwenye shamba wa siku hiyo hulisha umati wote. Pembezoni mwa mpunga hupandwa mahindi, pamba, maboga, pilipili, mihogo na mimea mingine mingi, hivi kwamba shamba moja huwa soko zima la mboga.

Kuku huchinjwa kwa ajili ya mizimu ya shamba, na pombe ya mchele humiminwa. Maneno yanayosemwa ni ya kawaida kabisa: mpunga uote, panya na ndege wasiuone, wadudu wapite mbali, wenye kulima wasijikate kwa panga wala kuumwa na nyoka. Orodha hiyo ya maombi ni orodha ya mambo yanayowaua au kuwafilisi wakulima wa milimani.

Palizi huchukua miezi mingi, kuanzia Mei hadi Agosti, na mzigo wake mkubwa huangukia wanawake. Huu ndio wakati ambapo maghala huwa yanakaribia kwisha na watu kula kwa kujinyima. Kipindi hicho hicho kaya hutoa kafara nyingine shambani, kuku au nguruwe kulingana na uwezo, ili mpunga ulio njiani usirudi nyuma.

Kwa Walawa, kama kwa jamii nyingi za Asia Kusini-Mashariki, mpunga una roho. Roho hiyo yaweza kushtuka, kuchukia au kupotea. Ikiondoka, punje hubaki maganda matupu na ghala huisha kabla ya wakati hata kama mavuno yalikuwa mengi.

Ndiyo maana mavuno, yanayofanyika Oktoba na Novemba, hayaishii kwenye kupura. Mpunga hupurwa shambani na kubebwa hadi kijijini kwa migongo ya watu, na roho yake hubembelezwa na kuitwa ifuatane na punje hadi ghalani. Kuiacha shambani ni sawa na kumwacha mgeni njiani usiku.

Elimu ndani ya kafara

Watafiti wa udongo nao wameyachunguza makonde hayo. Mnamo 1978, Paul Zinke, Sanga Sabhasri na Kunstadter walichapisha matokeo ya uchunguzi wa rutuba katika mashamba ya Walawa, yakiwemo yale yaliyokuwa yakilimwa na yale yaliyokuwa yamepumzika kwa miaka mbalimbali.

Msingi wa mfumo huo ni rahisi kueleza. Moto hugeuza miti kuwa majivu yanayoupa udongo chakula kwa msimu mmoja. Baada ya mavuno rutuba hushuka, kisha hujengeka upya polepole kadiri visiki vinavyochipua na majani kuanguka. Muda wa mapumziko ukiwa mrefu wa kutosha, mahali pale pale paweza kulimwa kizazi baada ya kizazi. Ukifupishwa, kila mzunguko huanza na udongo dhaifu kuliko uliotangulia.

Hapa ndipo tambiko na elimu vinapokutana. Hakuna mwanakijiji anayehitaji kupima madini ya udongo ili ajue kwamba eneo la miaka mitano halijakomaa. Anachojua ni kwamba mizimu ya eneo hilo haijaitwa na zamu yake haijafika. Katazo la mizimu linampa msitu miaka yake tisa.

Hata hivyo, haifai kuyapamba mambo kupita kiasi. Walawa hawakubuni mizimu ili wahifadhi mazingira. Wanaiogopa, wanaitegemea na wakati mwingine inawachosha. Uhifadhi ni tunda la uhusiano huo, na wala si jina ambalo wazee wangeupa.

Wenyeji wa kwanza

Imani kwamba Walawa ndio wenye kujuana na mizimu ya ardhi haikuwa yao pekee. Hata wafalme waliowatawala waliiheshimu.

Masimulizi ya kaskazini mwa Thailand humtaja Wilangkha, mkuu wa Walawa aliyetaka kumwoa Chamadevi, malkia wa ufalme wa Wamon wa Haripunchai, mji ambao leo unaitwa Lamphun. Malkia alimwambia atakubali iwapo mkuu huyo ataweza kurusha mkuki kutoka mlima Suthep hadi mjini kwake.

Mkuki wa kwanza uliangukia karibu sana na mji. Malkia aliyeingiwa na hofu akamtumia zawadi ya kilemba kilichoshonwa kwa kitambaa cha vazi lake la ndani. Wilangkha alikivaa kwa furaha, nguvu zake za kiroho zikamtoka, na mikuki iliyofuata ikaanguka chini ya mlima. Kwa Walawa wengi, hadithi hiyo ndiyo inayoeleza jinsi walivyoyapoteza mabonde: walishindwa kwa hila.

Mji wa Chiang Mai ulipoanzishwa na Mfalme Mangrai mnamo 1296, ulijengwa katika nchi iliyohesabiwa kuwa ya Walawa. Mwishoni mwa karne ya 18, baada ya mji huo kuhamwa kwa miaka mingi kutokana na vita na Waburma, mtawala Kawila aliingia kuufufua. Kumbukumbu za mji zinaeleza kwamba aliyetangulia mbele ya msafara wake alikuwa Mlawa akiongoza mbwa. Mshindi alihitaji mwenyeji wa kumfungulia mlango.

Watawala hao pia walitoza kodi. Walawa wa Bo Luang, waliokuwa wafua vyuma, walilipa kwa chuma. Wakaren walipohamia milima hiyo na kuomba ardhi ya kulima, baadhi yao waliwalipa Walawa sehemu ya mavuno, kwa kutambua kwamba wao ndio waliotangulia.

Nyati wa Pu Sae na Ya Sae

Ushahidi mkubwa zaidi wa heshima hiyo ungali ukionekana kila mwaka nje kidogo ya jiji la Chiang Mai. Chini ya kilima cha Doi Kham, katika eneo la Mae Hia, nyati wa kufugwa huchinjwa kwa ajili ya Pu Sae na Ya Sae, babu na bibi wanaohesabiwa kuwa walinzi wa jiji na wa mvua zake.

Simulizi linasema wawili hao walikuwa majitu ya Kilawa yaliyokula watu. Buddha alipofika akawafundisha kuacha kuua. Wakaomba waruhusiwe walau binadamu mmoja kwa mwaka, wakakataliwa. Mwishowe wakabaki na ruhusa ya kula nyati. Mwana wao alikuwa mtawa, na ndiye aliyeupa mlima Suthep jina lake.

Sherehe hiyo hufanyika mnamo Juni, mwanzoni mwa msimu wa kilimo cha mpunga. Mtu anayepandwa na mzimu hula nyama mbichi ya nyati na kunywa damu yake mbele ya umati. Karibu na hapo, kitambaa kikubwa chenye picha ya Buddha hutundikwa mtini, na watawa huketi mbele yake wakisali. Upepo unapokitikisa kitambaa, watu husema Buddha amefika kuwakumbusha majitu ahadi yao.

Wengi wa wanaohudhuria hawajioni kuwa Walawa. Ni Wathai wa kaskazini, Wabuddha, wenye nyumba na biashara mjini. Hata hivyo wanaamini kwamba nyati asipotolewa, mvua itakatika na maradhi yatazuka. Wenyeji wa kwanza waliondolewa mabondeni, lakini mizimu yao ilibaki na madaraka yake.

Ardhi isiyo na hati

Heshima ya aina hiyo haimo katika vitabu vya sheria. Thailand ilipitisha sheria ya mbuga za taifa mnamo 1961 na ile ya hifadhi za misitu mnamo 1964. Sehemu kubwa ya milima ya kaskazini iliwekwa chini ya hifadhi, na vijiji vilivyokuwepo kwa karne nyingi vikajikuta ndani ya mipaka ya msitu wa serikali bila hati ya kumiliki.

Mfumo wa Walawa ulidhurika kwa namna ya pekee. Afisa wa misitu aliyepita mlimani aliona shamba moja linalolimwa na maeneo mengine mengi yenye miti. Kwake, yale yenye miti yalikuwa msitu mtupu usio na mwenyewe. Kwa Walawa, yalikuwa mashamba ya mwaka ujao, wa kesho kutwa na wa mwaka wa nane, kila moja na mizimu yake na majina ya wenye sehemu.

Eneo likichukuliwa kuwa hifadhi au kupandwa misonobari, mzunguko hukatika. Wanakijiji waliokuwa na maeneo kumi wakabaki na matano, hulazimika kurudi mahali pale pale mapema. Magugu huongezeka, mavuno hupungua, na lawama kwamba kilimo chao kinaharibu ardhi huanza kuwa na ukweli ambao haikuwa nao awali.

Mnamo Agosti 3, 2010, baraza la mawaziri la Thailand lilipitisha azimio la kuyatambua maisha ya Wakaren, pamoja na kilimo chao cha mzunguko. Azimio hilo liliwahusu majirani wa Walawa, na utekelezaji wake ulikuwa wa kusuasua. Mwaka wa 2014 serikali ya kijeshi ilitoa amri kali za kurejesha misitu, na wakulima wengi wa milimani wakajikuta wakishtakiwa kwa kuvamia ardhi ya serikali.

Mwaka wa 2025 Thailand ilipata sheria ya kulinda na kukuza maisha ya makabila yake. Swali linalowakabili wakulima ni iwapo ulinzi huo utaishia kwenye mavazi, ngoma na sherehe, au utafika hadi kwenye konde linalopumzika.

Moshi wa Machi

Tatizo jingine limo angani. Kila mwaka, kati ya Februari na Aprili, kaskazini mwa Thailand hufunikwa na moshi mzito. Chiang Mai hujikuta mara kwa mara katika orodha ya miji yenye hewa chafu zaidi duniani, na wagonjwa wa mapafu hujaa hospitalini.

Moshi huo una vyanzo vingi: mioto ya misituni, mabua ya mahindi yanayochomwa baada ya mavuno, na moshi unaovuka mpaka kutoka Myanmar na Laos. Serikali za mikoa hukabiliana nao kwa kupiga marufuku uchomaji wote kwa wiki kadhaa. Kwa mkaazi wa jiji anayekohoa, hatua hiyo ni ya lazima.

Kwa mkulima wa mlimani, marufuku hiyo huangukia siku zile zile ambazo wazee wangetangaza siku ya moto. Akisubiri iishe, mvua yaweza kutangulia na kulowesha matawi, na bila majivu hakuna mpunga. Akichoma kwa siri, hufanya haraka, bila wenzake wa kulinda mipaka na bila tambiko. Moto wa siri ndio unaotoroka kwa urahisi zaidi.

Baadhi ya vijiji vya milimani vimeruhusiwa kuchoma kwa kibali, kwa siku iliyoandikishwa na chini ya uangalizi. Kwa maneno mengine, serikali imerudi kutaka kile ambacho wazee walikitaka tangu zamani: siku moja inayojulikana na watu wote, ukanda uliosafishwa na watu wa kulinda. Tofauti ni kwamba tarehe sasa hutoka ofisini mabondeni, mahali ambapo unyevu wa matawi ya mlimani hauonekani.

Gharama ya mizimu

Shinikizo jingine limetoka ndani ya jamii yenyewe. Mizimu ya Walawa ni ghali. Kila ugonjwa, kila ndoa, kila hatua ya shamba hudai kuku, nguruwe na, katika mambo mazito, nyati. Familia iliyopatwa na magonjwa mfululizo iliweza kumaliza mifugo yake yote kabla ya kupona.

Hii ni sababu mojawapo iliyowafanya baadhi ya Walawa kuipokea dini ya Kikristo au kushika Ubuddha kwa dhati zaidi. Aliyebatizwa hadaiwi tena na mizimu. Hospitali nazo ziliwafundisha watu kwamba homa ina tiba isiyohitaji nguruwe.

Lakini uamuzi wa mtu mmoja hugusa kijiji kizima. Tambiko la ardhi ni la wote, na gharama yake hugawanywa kwa kaya zote. Kaya kadhaa zikijitoa, zilizobaki huelemewa. Samang naye hubaki na cheo kisichokuwa na wafuasi, na neno lake la kusema eneo hili bado halijaiva hupoteza uzito.

Pengo hilo halijazwi na chochote kwa urahisi. Barabara zilipofika milimani, ziliwaleta wanunuzi wa kabichi, mahindi na kahawa. Mazao hayo hayahami kila mwaka. Hulimwa mahali pamoja kwa mbolea na dawa, na humpa mkulima fedha za karo na matibabu ambazo mpunga wa mlimani haungempa kamwe. Vijana wengine wameshuka kutafuta kazi Chiang Mai na Bangkok, wakawaacha wazee na mlima.

Kahawa, hasa, imeonyesha kwamba mabadiliko si lazima yawe adui wa miti, kwa kuwa hustawi kivulini. Pamoja na hayo, shamba la kahawa ni la mtu binafsi na hudumu miaka mingi. Likiota katikati ya eneo la zamu, haliwezi kuchomwa na wenzake. Mzunguko wa kijiji hulazimika kulizunguka, na kila mwaka nafasi iliyobaki huwa ndogo zaidi.

Kinachobaki

Vijiji vya Walawa leo havifanani. Viko ambavyo bado vinachinja na kusoma nyongo, viko ambavyo padri au mtawa ndiye anayebariki mbegu, na viko ambavyo vimeacha makonde kabisa na kubaki na majaruba ya maji na mashamba ya biashara. Hata palipobadilika dini, misitu ya makaburi na ya chemchemi mara nyingi imeachwa bila kuguswa, kwani wakaazi wanaona mahali hapo si pa kuchezea.

Kwa serikali inayotaka milima yenye miti na hewa safi, suala si kama mizimu ipo au haipo. Suala ni nani atakayekuwa na neno la mwisho litakaloheshimiwa na kijiji kizima pale mtu mmoja atakapotaka kukata chemchemini, kuchoma siku isiyo yake, au kulima eneo ambalo halijamaliza miaka yake ya kupumzika. Walinzi wa misitu ni wachache, na milima ni mingi.

Kwa Walawa, neno hilo kwa muda mrefu lilikuwa la wazee waliosimama Januari mbele ya msitu uliokomaa, wakiwa na kuku, mtungi wa pombe ya mchele na ombi fupi kwa wenye mlima. Panapobaki maeneo ya kutosha kwa zamu, ombi hilo bado lina maana. Panapobaki eneo moja tu, wazee hawana tena cha kuuliza, kwa sababu hawana tena pengine pa kwenda mizimu ikikataa.